Mkono wa kushoto ukishika wembe, wa kulia unafanya nini?

Miaka michache iliyopita nilianguka na pikipiki nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nikafungwa POP, ile plasta ngumu, wiki 6. Kula nilikula kwa kijiko, shati nilivalishwa, kuandika nikaahirisha. Ndevu hazikuahirishika. Mimi ni mtu wa wembe wa kukunja, ule wa kizamani ambao makali yake yanaingia ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni, na baada ya siku 10 za kujikuna kidevu nilisimama mbele ya kioo nikautia wembe katika mkono wa kushoto.

Shavu lilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye kona ya taya, vidole viwili chini ya sikio, wembe ulinasa, ukaruka kidogo, na povu likaanza kuingia wekundu. Siku tatu baadaye nikarudia, ukanasa palepale. Mara ya tatu, palepale. Nikaona basi, mkono wangu wa kushoto ni mzito na hautaweza kazi hii.

Mtaani kwetu kuna mzee kinyozi. Yeye mwenyewe hujinyoa kwa wembe wa kunoa, ingawa wateja huwanyoa kwa ule wa kubadilisha, kila mtu na wembe wake mpya. Nikamwendea anisaidie. Aliponipaka povu nikaukazia macho mkono wake wenye wembe, nikitaka kuiba ujuzi kupitia kioo. Akasimama.

"Mwanangu, unautazama huu unaokata. Tazama huu mwingine."

Nikautazama. Mkono wake wa pili haukuwa umetulia hata sekunde moja. Kila wembe ulipotaka kusogea, vidole viwili vya mkono ule vilikuwa vimeshatangulia, vimekaa juu ya mahali pa kunyolewa, vimeivuta ngozi ikawa tambarare, kisha vinahama, vinavuta tena. Wembe ulikuwa unafuata tu njia iliyokwisha kutengenezwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mtu anayejifunza kunyoa kwa mkono asiouzoea huwa hakioni. Anadhani anaufundisha mkono mmoja. Kumbe mikono miwili imebadilishana kazi siku hiyohiyo: wa kushoto unajifunza kukata, na wa kulia unajifunza kuvuta ngozi, kazi ambayo haujaifanya tangu azaliwe. Mkono unaochelewa kuelewa ni huo wa pili, na kwa kuwa hauna makali, hakuna anayeushuku. Pale kwenye taya yangu hapakuwa na mtu wa kuvuta ngozi, maana mkono wa kulia ulikuwa kwenye POP. Mkono wa kushoto ulilaumiwa bure.

Kwa nini mtu abadilishe mkono?

Swali hili ni la haki, kwa sababu wapo wanaonyoa uso mzima kwa mkono mmoja miaka yote na nyuso zao ni safi. Lakini jaribu hili sasa hivi ukiwa na penseli badala ya wembe. Ipeleke penseli kwa mkono wa kulia kwenye shavu la kulia: kigasha kiko nje, uso wote unauona. Ipeleke kwa mkono huohuo kwenye shavu la kushoto: kigasha kimepita mbele ya mdomo na pua, kifundo cha mkono kimejikunja, na sehemu unayotaka kuinyoa imefichwa na ngumi yako mwenyewe. Mpini nao unagombana na pua. Unanyoa usichokiona.

Kinyozi hana shida hii. Anazunguka kiti. Katika mafunzo ya vinyozi Marekani uso hugawanywa sehemu 14, na kila sehemu ina namna yake ya kusimama na ya kushika wembe: mara kwa kuuvuta kuja kwake, mara kwa kuusukuma kwa mgongo wa mkono. Anafanya yote kwa mkono wake uleule kwa sababu miguu inamsaidia. Wewe huwezi kujizunguka, kwa hiyo badala ya miguu unatumia mkono wa pili.

Wapo pia wasio na hiari, kama nilivyokuwa mimi: aliyevunjika, aliyefanyiwa upasuaji wa bega, ambaye vidole vyake vimekaza kwa ugonjwa wa viungo. Na wapo mashoto, ambao kwao habari hii yote ni kinyume. Wao wasome kulia penye kushoto.

Kuhusu heshima ya mikono, niseme kidogo, maana jambo hili linawagusa wengi kuliko wanavyokiri. Lugha yetu yenyewe imeshatoa hukumu: mkono wa kulia ni mkono wa kula, na wazee wa pwani waliuita pia mkono wa kuume, ule mwingine wakauita mkono wa kike. Tulilelewa kutopokea kitu kwa kushoto, kutosalimia kwa kushoto, na mtoto mashoto shuleni alijua fimbo ya mwalimu. Matokeo yake ni kwamba mkono wa kushoto wa Mswahili umenyimwa mazoezi mengi ya kazi za ustadi, na mtu mzima anapoushikisha wembe anahisi kama anafanya jambo lisilo la adabu. Mbele ya kioo chako hakuna unayemvunjia heshima. Na kwa Waislamu, ambao ni sunna kuanza na upande wa kulia katika kujisafisha, utaratibu huo una faida nyingine nitakayoieleza, kwa sababu unaingiliana vizuri na namna ubongo unavyojifunza.

Mkono wa kushoto unajua zaidi ya unavyodhani

Karibu watu 9 katika kila 10 hutumia zaidi mkono wa kulia. Amri za kuuendesha zinatoka upande wa kushoto wa ubongo, na za mkono wa kushoto zinatoka upande wa kulia. Nyuzi za fahamu hupishana chini ya ubongo, karibu na shingo. Lakini pande hizo mbili hazikai kama majirani waliogombana. Zimeunganishwa na daraja nene la nyuzi, na kinachojifunzwa na upande mmoja huvuja kwenda upande wa pili.

Mwaka 1894 Edward Scripture na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walilipima jambo hili kwa namna ambayo mtu wa wembe ataipenda. Walimfanyisha mtu mazoezi ya kuingiza sindano kwenye tundu dogo bila kugusa kingo, kwa mkono wa kulia peke yake. Mkono ulitulia zaidi kadiri siku zilivyokwenda, na huo haukushangaza mtu. Walipoupima mkono wa kushoto, ambao haukufanya zoezi hilo, nao ulikuwa umetulia kuliko mwanzo.

Kwa hiyo miaka yako ya kunyoa kwa mkono wa kulia haijapotea. Mkono wa kushoto umeusikiliza mwenzake. Ila unaelewa zaidi ukiachiwa mwendo uleule uliogeuzwa kama kwenye kioo: kidole gumba kinafanya kilichofanywa na gumba, kifundo kinajikunja upande uleule wa mwili. Kunyoa shavu la kushoto kwa mkono wa kushoto ni picha kamili ya kunyoa shavu la kulia kwa mkono wa kulia. Kunyoa upande wa kulia wa shingo kwa mkono wa kushoto si picha ya chochote. Ni kazi mpya kabisa. Ndiyo maana kila mkono unabaki upande wake, na mpaka wao ni mstari unaoshuka katikati ya kidevu.

Na ndiyo faida ya kuanza na upande wa kulia. Nyoa sharafa ya kulia, ndevu zile za mbele ya sikio, kwa mkono wa kulia, polepole, ukisikiliza mkono unafanya nini. Kabla hujamaliza uso, hamia kushoto, sharafa kwa sharafa. Kumbukumbu bado ni ya moto. Ukingoja mpaka kesho kuufundisha mkono wa kushoto, umeuachia hadithi ya jana.

Kuna jambo la pili kuhusu mikono ambalo lilinifungua macho zaidi. Mtafiti wa mienendo ya viungo Robert Sainburg, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mkono usiotumiwa sana si nakala mbovu ya ule mwingine. Una kipaji chake. Mkono unaotumiwa sana ni hodari wa kuchora njia: kurusha, kuandika, kukata. Mwingine ni hodari wa kushikilia kitu kisiyumbe. Tazama mama akikata mchicha: kisu kiko kulia, lakini majani hayatawanyiki kwa sababu ya kushoto.

Sasa weka hilo kwenye kunyoa. Mkono wa kushoto ulizoea kuishikilia ngozi, kazi ya kipaji chake. Leo unaambiwa uchore njia. Mkono wa kulia, mchora njia, unaambiwa utulie ushikilie ngozi, nao hautulii: unataka kusaidia, unataka kusogea pamoja na wembe. Nilipofunguliwa POP nikauona wangu ukifanya hivyo waziwazi. Mkono wa kushoto ukianza kushuka na wembe, vidole vya kulia vinalegea na kushuka navyo, ngozi inajikunja mbele ya makali, na mkunjo wa ngozi mbele ya wembe ndiyo damu.

Mkono unaovuta unapitia wapi?

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu mafunzo mengi huishia kusema "vuta ngozi" kisha yanahama.

Kwa shavu la kushoto, mkono wa kulia haupiti mbele ya uso. Ukipita mbele, umeziba macho yako na tumerudi kule kule. Unapita juu ya kichwa. Inua kisugudi mpaka juu ya utosi, uuteremshe mkono upande wa pili, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vitue juu ya sharafa ya kushoto, kwenye panja, mahali pasipo na povu. Vuta juu. Mara ya kwanza bega la kulia litashangaa, kwa sababu halijawahi kupita njia hiyo. Bega la kushoto limeizoea toka siku uliyojifunza kunyoa. Fanya mkao huu mara kadhaa bila wembe wowote, ukiwa umevaa nguo zako, mpaka vidole vitue penyewe bila kutafuta.

Vidole viwe vikavu. Povu kidogo tu kwenye ncha zake na ngozi inateleza. Mzee kinyozi alinionyesha dawa yake, na sijaiacha hadi leo: kipande cha shabu kilicholoweshwa kidogo, unakigusa kwa ncha za vidole vinavyovuta, ngozi inashikika kama imenata. Shabu hiyohiyo ndiyo inayokaza damu ukijikata, kwa hiyo inakaa karibu kwa sababu mbili.

Ukishuka kwenye taya, mkono wa kulia unahama. Hauvuti tena kutoka juu; unarudi chini, unaweka vidole nyuma ya kona ya taya, karibu na shingo, na kuisukuma ngozi ya taya ipande juu ya nyama ya shavu, au kinyume chake, unaishusha ikae juu ya nyama ya shingo. Lengo ni moja: makali yasipite juu ya kona. Unaileta ngozi mahali palipo tambarare, unainyoa hapo, kisha unaiachia irudi kwake. Niliponasa mara tatu palepale, wembe wangu ulikuwa unapanda mlima ambao ungeweza kuondolewa.

Koo nalo lina mlima wake, koromeo. Usinyoe juu yake. Isukume ngozi pembeni kwa vidole mpaka iwe kando ya koromeo, nyoa hapo, halafu upande wa pili. Au meza mate ushikilie, koromeo lipande, upitishe wembe haraka chini yake. Ila hii inahitaji mkono uliokwisha kukomaa.

Kiasi cha kuvuta ni jambo la kuangalia sana kwa watu wenye nywele kama zetu. Unywele wa kipilipili hutoka ngozini ukiwa umepinda. Ukiivuta ngozi kupita kiasi na kukata, unywele uliochomoza unarudi ndani ngozi inapoachiwa, umebaki na ncha kali chini ya uso wa ngozi, na unapoota tena unatoboa kuta za kinyweleo chake au unatoka nje na kupinda kuingia upya. Ndivyo vile vipele vyeusi vya shingoni na chini ya kidevu ambavyo vijana wengi huvidhani ni uchafu wa saluni. Uchafu nao una madhara yake, lakini vipele hivi ni kazi ya unywele wenyewe. Kwa hiyo vuta ngozi iwe tambarare, usiiwambe kama ngoma. Ukishaona ngozi imebadilika rangi kwa kuvutwa, umezidisha.

Mkono unaokata

Jinsi ya kushika ni ileile, imegeuzwa tu. Wembe umefunguka mpini ukiwa umeinuka juu. Vidole vitatu vinakaa juu ya shina la chuma, kati ya makali na mkia. Gumba liko chini ya shina, karibu na mwanzo wa makali. Kidole cha mwisho kinapumzika kwenye mkia. Wembe wa namna hii una uzito wa gramu 50 hivi, na uzito huo unatosha kukata. Mkono wa kushoto, kwa woga, utaubana. Ukiubana, misuli yote ya kigasha inakaza kwa pamoja, mkono unatetemeka, na ili kuficha kutetemeka unakandamiza. Alama ya kujipima ni kucha: zikipauka, umebana. Weka wembe chini, kunja na kukunjua vidole, anza tena.

Wembe ulazwe kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Nyuzi hazipimiki mbele ya kioo, kwa hiyo tumia kipimo cha mwili. Wembe wenye upana wa milimita 19 ukilazwa nyuzi 30, mgongo wake unakuwa umbali wa karibu milimita 9 na nusu kutoka kwenye ngozi, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ukiuinua zaidi, unachimba. Ukiulaza zaidi, unavuta ndevu bila kuzikata. Mkono wa kushoto huanza vizuri halafu, kifundo kikichoka kukunjika, pembe inafunguka bila mtu kujua. Kwa hiyo mwendo uwe mfupi, sentimita 2 au 3, kisha inua, pangusa, anza upya.

Na hili hapa naliandika kwa msisitizo wote: wembe unasonga mbele kwa mgongo na makali kwa pamoja, kama koleo linavyokwangua ukoko wa sufuria. Hausongi upande kwa kufuata urefu wa makali. Kisu cha mkate kinakata kwa sababu kinateleza upande, na ngozi yako inakatika kwa urahisi uleule. Sehemu kubwa ya majeraha ya mkono usiozoea hutokea mwisho wa mwendo, pale kifundo kinapojizungusha kidogo na ncha ya wembe kuteleza milimita mbili kuelekea sikio. Simamisha mkono kwanza. Kisha uondoe wembe usoni moja kwa moja, kama unavyoinua kifuniko cha chungu.

Kioo kinachangia mchanganyo, ila si kwa namna inayosemwa. Watu husema kioo kinageuza kulia kuwa kushoto. Inua mkono wa kushoto uone: mkono unaoinuka kwenye kioo uko upande uleule. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma. Ukisogeza wembe kuelekea kioo, taswira inausogeza kuja kwako. Shavuni, mwendo ni wa juu kwenda chini, na kioo hakina la kusema. Kwenye taya, wembe unapotakiwa kuzunguka mfupa kwenda nyuma, macho na mkono vinapingana, mkono unasita, na wembe unaosita juu ya ngozi huacha alama. Dawa ni kugeuza uso, si wembe: geuza kichwa mpaka sehemu unayonyoa itazame kioo, mwendo uwe tena wa juu kwenda chini.

Kabla ya makali

Waliosema "mtoto akililia wembe mpe" walikuwa na maana yao. Mkono wa kushoto ni mtoto huyo, na mimi naomba apewe kitu kingine kwanza. Kwa wiki nzima upe kazi ya kupaka povu na kupiga mswaki. Wiki ya pili, paka povu uso mzima na uliondoe lote kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, mikono yote miwili ikiwa kwenye nafasi zake halisi: kushoto kadi, kulia juu ya kichwa. Kadi itakuonyesha makosa yote bila tone la damu. Ukiacha mistari ya povu, pembe imebadilika. Kadi ikinasa, ngozi haikuvutwa. Wanafunzi wa ukinyozi hupewa puto lililopakwa povu walinyoe kwa wembe wa kweli, nalo ni zoezi zuri la kupima wepesi wa mkono, ingawa puto halifundishi kuvuta ngozi.

Mazoezi mafupi ya kila siku yanashinda saa nzima ya Jumamosi. Mkono hujifunza hata unapolala. Ulichokifanya jioni kwa kusitasita unaweza kukiona asubuhi kimetulia.

Siku ya makali, shavu tu. Sharafa mpaka usawa wa mdomo, kufuata mwelekeo wa ndevu, mara moja, basi. Kilichobaki kimalizie kwa mkono wako wa siku zote. Ongeza taya baada ya kunyoa mara tano au sita bila mkwaruzo. Shingo ni baadaye sana, kwa sababu ndevu za shingoni haziko upande mmoja: kwa wengine zinalala kwenda sikioni, kwa wengine zinapanda juu. Pitisha kidole kavu usiku kabla ya kunyoa; upande unaokwaruza ni kinyume cha mwelekeo. Mwenye vipele asinyoe kinyume hata akiwa bingwa, na asirudie mahali palepale bila povu jipya. Mkono wa kushoto unapenda sana kurudia, kwa kuwa hauamini ulichofanya.

Methali yetu inasema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji, na ndani yake mna ufundi mtupu. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloa maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 au 3 unavimba na kulainika, na wembe unaupita kwa nguvu kidogo. Kwa mkono wenye nguvu zisizopimika, tofauti hiyo ni kubwa.

Wembe wenyewe uwe mkali. Mtu anayejifunza kwa mkono wa kushoto huchukua wembe butu akidhani ni salama zaidi. Wembe butu unadai kukandamizwa, na mkono usiozoea haujui kukandamiza kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walionyesha kuwa unywele, ambao ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, unaweza kumega makali ya wembe, hasa unapopinda badala ya kusimama. Kwa hiyo kabla ya kila kunyoa, upitishe wembe kwenye ukanda wa ngozi mara 30 mpaka 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, na kila ufikapo mwisho uugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Hiyo fanya kwa mkono wako uliozoea. Ukibadilisha kila kitu siku moja hutajua kosa limetoka wapi. Ukimaliza kunyoa, ukaushe. Nyembe nyingi za namna hii ni za chuma kinachoshika kutu, na hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja au Mombasa haina huruma. Tone la mafuta ya cherehani kwenye makali linatosha.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 na zaidi, na mkono unaojifunza utatoa damu kidogo hapa na pale. Usimwazime ndugu, usiazime. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari kisichotulia, au ambaye mkono wake umedhoofika kwa kiharusi, atumie mashine ya umeme. Kwake jeraha dogo si dogo.

Sasa POP imebaki hadithi, na mkono wa kulia umerudi kazini. Lakini upande wa kushoto wa uso sijaurudisha kwake. Kila asubuhi ya kunyoa, mkono wa kulia unamaliza upande wake, unaoshwa, unapanguswa, unagusa shabu, kisha unapanda juu ya kichwa na kutua kwenye sharafa ya kushoto kungoja. Chini ya pua tu, kwenye kale kabonde ka katikati ya mdomo wa juu, bado nanyoa kwa mkono wa kulia.